Pua ya Kioo na Namba ya Ubavuni: Kuzitambua na Kuzipiga Picha Ndege za Kisovieti

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Ilemela, Mwanza, nina miaka 29. Nilipokuwa mdogo nilikuwa napanda ukuta wa nyumba ya bibi kuangalia ndege kubwa nyeupe zilizokuja kuchukua minofu ya sangara. Mwezi Mei nitakwenda Ujerumani wiki tatu, kwa shangazi yangu anayeishi Mannheim, na nimesikia huko kuna makumbusho yenye ndege za Kisovieti. Nina kamera ya kawaida na lenzi moja tu, milimita 18 hadi 55. Nizione wapi, nizitambueje, na nizipigeje picha zisifanane na za kila mtalii? Nikirudi, naruhusiwa kupiga picha uwanja wetu wa Mwanza? La mwisho: marehemu baba aliacha picha aliyoipiga 2004. Mabawa yako juu ya mgongo, injini nne, puani kwa chini kuna vioo, na namba inaanza na ER, iliyobaki imefifia. Ni ndege gani hiyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuondokewa na baba, na hongera kwa kuitunza picha yake. Nianze nayo, maana ukiielewa hiyo moja, nusu ya maswali yako mengine yatakuwa yamejijibu.

Hiyo ni Ilyushin Il-76. Herufi za mwanzo ni kifupi cha jina la mbunifu: Il ni Ilyushin, Tu ni Tupolev, An ni Antonov. Sina haja ya kuiona ili niseme hivyo. Ndege ya mizigo yenye mabawa mgongoni, injini nne za jeti zinazoning'inia chini ya mabawa, na vioo chini ya pua, iliyotua Mwanza miaka ya sangara, haina mwenzake. Hakikisha kwa kuangalia mkia: mabawa madogo ya nyuma yamekaa kileleni kabisa, kama herufi T. Ukihesabu matairi utapata 20, manne mbele na 16 katikati. Il-76 ya kwanza iliruka 25 Machi 1971, na hadi leo zinabeba mizigo. Herufi ER ni za Moldova. Hiyo haina maana kwamba rubani alikuwa wa Moldova au kwamba ndege ilikuwa na makao huko. Baada ya 1991 ndege hizi zilisajiliwa popote palipokuwa rahisi. Namba hiyo nitairudia mwishoni, kwa hiyo usiirudishe picha kwenye bahasha kwanza.

Sasa hivyo vioo. Watu wengi huniuliza vinafanya nini pale. Humo hukaa mwongoza njia, mtu wa tatu au wa nne katika kikosi cha rubani, akitazama ardhi kwa macho yake. Umoja wa Kisovieti ulikuwa nchi ya kutisha kwa ukubwa, na sehemu kubwa ya kaskazini na Siberia haikuwa na mitambo ya redio ya kuongozea ndege. Mto, reli na ukingo wa msitu ndivyo vilivyokuwa ramani. Jeshi nalo lilitaka ndege za kiraia ziweze kuitwa vitani siku yoyote. Ndiyo maana hata ndege za abiria kama Tu-104, na Tu-134 za mwanzo, zina pua ya kioo kama za mabomu. Ukiona pua ya namna hiyo kwenye ndege kubwa ya baada ya vita ya 1945, anza na Usovieti kabla hujafikiria kwingine.

Mazingira hayohayo ndiyo yaliyoumba miguu yake. Viwanja vilikuwa vya udongo, nyasi, au zege lililopasuliwa na baridi. Basi wakaweka matairi mengi, manene, yenye upepo mdogo, na mabawa juu ili injini zisifyonze kokoto. Wakaweka ngazi ndani ya ndege yenyewe kwa kuwa huko iendako hapana ngazi ya kuisubiri. Baada ya 1991, ndege hizo zilipouzwa na kukodishwa kwa bei ya kutupa, na marubani wake wakawa wanatafuta kazi, unadhani zilifaa wapi? Goma, Bunia, Kisangani. Mimi nilizijulia huko, nikiwa fundi msaidizi mwenye ufunguo mmoja na matamanio mengi. Mashariki ya Congo karibu kila ndege ya mizigo yenye pangaboi watu huiita "Antonov", hata ikiwa si Antonov.

Basi jifunze kuzisoma kwa mpangilio mmoja: pua, mabawa, miguu, mkia, halafu namba. Usianze na rangi. Rangi ni nguo tu, hubadilishwa.

Mabawa ya Tupolev yana alama isiyofichika. Kwenye Tu-134 na Tu-154 utaona vitu kama mitumbwi miwili imechomoza nyuma ya mabawa. Humo ndimo magurudumu yanamoingia baada ya kuruka. Ndege za Ulaya na Marekani za rika lake huficha magurudumu tumboni, Tupolev akayapa nyumba yake. Tu-134 ina injini mbili nyuma, Tu-154 ina tatu, na kila mguu mkubwa wa Tu-154 una matairi sita. Zaidi ya 1,000 ziliundwa, kwa hiyo hutaikosa.

Il-62 nayo ina injini nne zote zimebanana nyuma, mbili kila upande. Uingereza waliunda VC10 yenye umbo hilohilo na watu huzichanganya. Usihangaike na umbo, inama utazame chini ya mkia. Il-62 ina kijiguu chembamba chenye vitairi viwili vidogo ambacho hushushwa ndege ikiwa imeegeshwa. Uzito wa injini zote uko nyuma, na ikiwa tupu ingeketi kwa makalio. Piga picha ya kijiguu hicho peke yake. Katika picha zote nilizowahi kuzipiga, ile ya kijiguu cha Il-62 ndiyo watu huisimamia muda mrefu zaidi wakiuliza ni nini.

Ukoo wa Antonov ni mkubwa, nami nitaugusa kidogo tu. An-2 ni ile yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, injini moja puani. Iliruka mara ya kwanza 31 Agosti 1947, na zaidi ya 18,000 ziliundwa, nyingi kati ya hizo Poland. An-24 ni ya abiria, pangaboi mbili, mabawa juu. An-26 ni ndugu yake wa mizigo, mwenye mlango mkubwa wa kushuka chini ya mkia. An-30 imetiwa pua ya kioo iliyovimba kama jicho la panzi, kwa ajili ya kupiga picha za ramani. An-32 ndiyo rahisi kuliko zote: injini zake kubwa zimekaa juu ya bawa badala ya mbele yake, ili pangaboi ndefu zisikwangue ardhi. An-12 ina pangaboi nne na pua ya kioo, na watu huifananisha na Hercules ya Marekani; Hercules haina vioo vya mwongoza njia puani, basi. An-124 ndiyo jitu, ina injini nne za jeti na matairi 24, lakini mkia wake ni wa kawaida, hauna umbo la T. Ukiliona jitu lenye mkia wa T, hilo ni Galaxy la Marekani.

Helikopta sikuulizwa, ila siwezi kunyamaza. Mi-8 umeiona, hata kama hukujua jina lake: ile nene, yenye madirisha ya duara, Umoja wa Mataifa hulitumia umbo hilo likiwa limepakwa rangi nyeupe, Entebbe na Goma. Tazama pangaboi dogo la mkiani. Likiwa upande wa kulia wa helikopta, ni Mi-8 ya zamani. Likiwa upande wa kushoto, ni kizazi cha pili chenye injini zenye nguvu zaidi, Mi-8MT, ambayo nje huuzwa kwa jina la Mi-17. Nyeupe za Umoja wa Mataifa utakazokutana nazo mara nyingi ni hizo za kushoto.

Kwa ndege za kivita nikupe moja inayowaponza hata walinzi wa makumbusho. MiG-15 na MiG-17 zinafanana kama mapacha. Juu ya bawa kuna vibati vilivyosimama kama kuta fupi za kuongoza upepo. Kila bawa la MiG-15 lina viwili, la MiG-17 lina vitatu. Hesabu, umemaliza. MiG-19 ina matundu mawili ya moto nyuma, na MiG-21 ina tundu moja nyuma na koni iliyochongoka puani. China ilizinakili zote tatu za mwisho, na hizo nakala ndizo zilizofika jeshini Tanzania, wakati Uganda ya Idi Amin ilikuwa na MiG-17 na MiG-21 zilizotoka Usovieti. Kadhaa kati yake ziliteketezwa chini pale Entebbe Julai 1976. Poland nayo iliunda MiG-15 kwa leseni na kuziita Lim. Kwa hiyo kibao cha makumbusho kinachosema "MiG" tu, kisome kwa shaka.

Nawe mtu wa Mwanza lazima uijue Tu-22, ndege ya mabomu. Injini zake mbili zimewekwa juu ya kiwiliwili, kwenye shina la mkia, mahali ambapo ni nadra kuziona. Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, Tu-22 ya Libya ilitumwa kuipiga Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Wazee wa Mwanza wanakumbuka mlio, wala hawakuwahi kuambiwa jina la ndege.

Tuje kwenye namba, ambayo ni kitambulisho. Ndege za kiraia za Kisovieti ziliandikwa CCCP na tarakimu tano. Hizo si C wala P zetu. Katika maandishi ya Kirusi С husomwa S na Р husomwa R, kwa hiyo ni SSSR, kifupi cha jina la nchi. Jifunze herufi chache kabla hujasafiri: Н ni N, В ni V, И ni I, Л ni L, У ni U. Ukishajua hizo utasoma АН, ИЛ na ТУ ubavuni mwa ndege bila kumwuliza mtu. Utamu wenyewe uko kwenye tarakimu mbili za mwanzo, maana mara nyingi hutaja aina. 85 ni Tu-154. 65 ni Tu-134. 76 ni Il-76. 77 ni Tu-144. 82 ni An-124. Il-62 ziko kwenye 86. Baada ya nchi kuvunjika, wengi waliacha tarakimu zilezile wakabadilisha herufi tu: RA ya Urusi, UR ya Ukraine. Wengine, kama hao wa ER ya baba yako, walianza kuandika herufi tupu, na hapo kidokezo kikapotea.

Utakutana pia na majina kama Candid, Bear, Colt. Hayo ni ya NATO, muungano wa kijeshi wa Magharibi, wala Warusi hawakuyatumia. Yana siri moja ya kuchekesha: herufi ya kwanza hutaja kazi, C kwa mizigo na abiria, B kwa mabomu, F kwa wapiganaji, H kwa helikopta, na kwa ndege zenye mabawa, jina la silabi moja ni la pangaboi, la silabi mbili ni la jeti. Bear ni Tu-95 ya pangaboi. Candid ni Il-76 ya jeti.

Haya, Ujerumani. Shangazi yako amekaa mahali pazuri kuliko anavyojua. Karibu na Mannheim kuna makumbusho mawili ya ndugu, Technik Museum Sinsheim na Technik Museum Speyer, na yote hufikika kwa treni za mkoa. Mengine yote unaweza kuyakosa. Haya mawili, hapana.

Sinsheim, juu ya paa, kuna Tu-144 yenye namba 77112, ndege ya abiria iliyopita kasi ya sauti, na kando yake mshindani wake, Concorde ya Ufaransa. Hakuna mahali pengine duniani ndege hizo mbili zimekaa pamoja. Tu-144 iliruka mara ya kwanza 31 Desemba 1968, miezi miwili kabla ya Concorde, lakini ilibeba abiria kwa muda mfupi sana: kuanzia 1 Novemba 1977 hadi 1 Juni 1978, safari 55 tu, kati ya Moscow na Alma-Ata. Watu watakuambia zinafanana. Tazama nyuma tu ya chumba cha marubani: Tu-144 ina vibawa viwili vidogo kama masharubu, vilivyokunjuliwa wakati wa kutua na kuruka ili kuinua pua. Concorde haina. Simama mbele kidogo kwa upande, ili masharubu hayo yaonekane dhidi ya anga na si dhidi ya mwili mweupe. Unaruhusiwa kupanda na kuingia ndani ya zote mbili. Ndani ni pembamba kama daladala, na chumba cha marubani kimezibwa kwa kioo cha plastiki. Zima taa ya kamera, kisha bandika mdomo wa lenzi kwenye hicho kioo kabisa, mwako utatoweka.

Speyer kuna An-22, ndege kubwa kuliko zote za pangaboi zilizowahi kuundwa kwa wingi. Mikia miwili, na kila injini ina safu mbili za mapanga zinazozunguka kinyume, manne mbele na manne nyuma. Injini ni nne, kwa hiyo ndege nzima ina mapanga 32. Kosa la kila mgeni ni kuipiga kutoka mbele, ambapo safu mbili huonekana moja. Nenda ubavuni, ulipo usawa wa injini. Unaweza pia kuingia kwenye ghala lake la mizigo. Simama mwisho kabisa, mwache mtu apite katikati ndipo ubonyeze, la sivyo hakuna atakayeamini ukubwa wake. Hapohapo Speyer kuna Buran, chombo cha anga za juu kilichotumika kwa majaribio ya kutua. Hicho hakikufika anga za juu. Kile kilichofika, mara moja tu, 15 Novemba 1988, kiliangukiwa na paa la banda lake Baikonur, kituo cha kurushia vyombo vya anga, mwaka 2002. Hiki cha Speyer kilitelekezwa miaka kadhaa Bahrain kabla ya kununuliwa na kuletwa kwa meli 2008. Jamaa zetu wa Ghuba walikuwa nacho jirani bila kujua.

Ukipata nafasi ya kufika Berlin, makumbusho ya jeshi la anga ya Gatow hayana kiingilio, na ndege za Ujerumani Mashariki zimejaa: hapo ndipo utahesabu vile vibati vya MiG. Kutoka Berlin kuna kijiji kiitwacho Stölln, safari yake inasumbua, lakini mimi ningekwenda. Tarehe 23 Oktoba 1989 rubani Heinz-Dieter Kallbach aliitua Il-62 kwenye uwanja wa nyasi wa mita 900 hivi, ndege inayohitaji zaidi ya mara mbili ya hapo, ili ibaki pale kumkumbuka Otto Lilienthal, mwanzilishi wa kuruka kwa mabawa aliyeanguka hapohapo 1896. Wameiita Lady Agnes, jina la mke wa Lilienthal, na siku hizi watu hufungia ndoa ndani yake. Ukitaka zilizo hai, Leipzig ndipo kampuni ya An-124 ya Ukraine ilipohamishia shughuli zake tangu vita vya 2022. Prague kuna Kbely, Budapest kuna Aeropark kando ya uwanja wa ndege. Hazina kubwa kuliko zote iko Monino, karibu na Moscow, na nyingine Kyiv. Kwa hali ya sasa sitamwelekeza kijana yeyote huko.

Kuhusu kamera yako: inatosha, usikope pesa. Tatizo la lenzi ya 18–55 ni ule upande wa 18. Makumbusho ndege zimesongamana, unasimama karibu, unafungua hadi 18, na pua inavimba kama puto huku mkia ukipungua kama wa mjusi. Rudi nyuma kadiri mguu unavyoweza, tumia 35 hadi 55. Ikishindikana kuingiza ndege nzima, usiilazimishe. Chukua theluthi yake, kwa ukamilifu: pua na miguu ya mbele, au mkia na namba.

Ndege za Sinsheim na Speyer nyingi ziko juu ya nguzo, nawe utapiga kutoka chini kuelekea anga jeupe. Kamera itaogopa mwanga wa anga na tumbo la ndege litatoka jeusi tii. Iambie iongeze mwanga hatua moja au moja na theluthi, na uhifadhi faili ghafi (RAW) ili uweze kuokoa kivuli baadaye. Siku ya mawingu usinung'unike. Bati la Kisovieti ambalo halijapakwa rangi hung'aa vibaya kwenye jua kali, na mawingu hulainisha, ukapata hata misumari ya ribiti na maandishi madogo ya mafundi. Wewe umezoea jua la Mwanza, ambalo saa tatu asubuhi limeshaharibu kila kitu. Ujerumani mwezi Mei jua linatua karibu saa tatu usiku, kwa hiyo saa mbili zote za mwisho ni zako. Makumbusho yatakuwa yamefungwa, lakini ndege za paani Sinsheim huonekana hata kutoka barabara kuu. Baki nje, zitageuka dhahabu.

Ukikutana na pangaboi zinazozunguka, punguza kasi ya shata, yaani iache ifunguke kwa muda mrefu zaidi. Pangaboi za An-12 huzunguka karibu mara 18 kwa sekunde. Ukipiga kwa 1/1000 ya sekunde zitaganda, na ndege itaonekana imezimika angani, kana kwamba inaanguka. Kwa 1/125 zinachora upinde mzuri. Helikopta ni ya taratibu zaidi, Mi-8 huzunguka mara tatu na kidogo tu kwa sekunde, hivyo shuka hadi 1/60 na ufuate mwendo wake kwa kiuno, si kwa mikono. Utapoteza picha tisa kati ya kumi. Mimi bado nazipoteza.

Kila ndege, kabla hujaondoka, piga picha ya namba yake, hata kama ni mbaya. Kisha chungulia kwenye shimo la gurudumu la mbele. Mara nyingi namba ya kiwandani imechapwa humo, na hiyo haidanganyi, wakati ya ubavuni inaweza kuwa imepakwa na watu wa makumbusho kwa kupendezesha.

Sasa Mwanza. Jibu fupi: usiinue kamera hadi upate ruhusa ya maandishi. Viwanja vya ndege kwetu vinahesabiwa sehemu nyeti, na vingi vina jeshi upande mmoja wa uzio. Andika barua kwa meneja wa uwanja, utaje jina lako, tarehe, saa, ni eneo gani na picha ni za nini, uambatishe nakala ya kitambulisho. Ukijibiwa kwa mdomo tu, omba karatasi. Mimi nilinyang'anywa kamera kwenye uwanja mmoja wa Congo, sitautaja, kwa sababu nilikuwa na ruhusa ya askari wa asubuhi na aliyekuja jioni hakumjua wa asubuhi. Filamu nne zilikwenda. Hata Ulaya si salama kwa asiyeuliza: Novemba 2001 Waingereza na Waholanzi 14 wapenda ndege walikamatwa Kalamata, Ugiriki, wakahukumiwa kama majasusi mwaka uliofuata kabla ya kushinda rufaa. Na mwaka 2015 Waingereza watatu walikaa kizuizini wiki kadhaa Falme za Kiarabu kwa kuandika namba za ndege Fujairah, ambako ndege chakavu za Kisovieti zilikuwa nyingi. Ukipitia Dubai kwenda Ujerumani, darubini na daftari vikae ndani ya begi. Ujerumani kwenyewe ukiwa nje ya uzio kwenye njia ya umma hutasumbuliwa, alimradi huelekezi lenzi kwenye kambi ya jeshi.

Turudi kwa baba. Usiisugue picha wala kuipitishia kitambaa chenye maji. Ipeleke kwenye skana nzuri, ichukuliwe kwa nukta 1,200 kwa inchi, kisha kwenye kompyuta ongeza tofauti ya mwanga sehemu ile ya namba tu. Wino uliofifia kwa macho mara nyingi bado uko kwenye karatasi. Ikigoma, tafuta namba hiyohiyo kwingine kwenye ndege: kuna herufi chini ya bawa la kushoto, na wakati mwingine namba ndogo kwenye mlango wa gurudumu la mbele.

Unazitafuta herufi tatu baada ya ER. Zikiwa IBR, kaa chini kwanza. Il-76 yenye namba ER-IBR iliruka kutoka Mwanza usiku wa 23 Machi 2005 ikiwa na shehena ya samaki, ikaanguka Ziwa Victoria muda mfupi baadaye, na watu wote wanane waliokuwemo wakafa. Inawezekana ikawa nyingine, zilikuwa kadhaa. Lakini ulisema picha ni ya 2004, kwa hiyo haiwezi kutolewa kwenye hesabu hadi usome. Nyuma ya picha andika kwa penseli, si kalamu ya wino: jina la baba, mwaka, alisimama wapi. Bibi anaweza kukumbuka ni upande gani wa uwanja. Muulize kabla hujasafiri.